Kukata kwa zamu au kuuacha msitu ukomae: njia mbili za kuwatunza grausi

Grausi ni ndege wa nchi za baridi za kaskazini, wa jamii moja na kuku, kanga na kwale, na kama jamaa zao hao hutaga chini na kutumia sehemu kubwa ya maisha yao ardhini. Baadhi ya spishi zao huishi mahali pa wazi, lakini zinazohusika hapa hazina maisha nje ya msitu, na ndiyo maana kila anayesimamia msitu katika nchi hizo huulizwa kama ndege hawa wanasaidiwa kwa kukata miti au kwa kuiacha. Majibu hukinzana, na kila upande huwa na ushahidi wa kweli, kwa sababu mara nyingi kila upande unazungumzia ndege mwingine.

Njia ya kwanza, ya kukata vipande vidogo vya msitu kwa zamu, ilijengwa juu ya grausi wa kola (Bonasa umbellus) katika misitu ya aspeni, mti wa majani mapana wa nchi za baridi, iliyo karibu na Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, hasa jimboni Minnesota. Njia ya pili, ya kuuacha msitu wa misonobari ukomae huku ukipunguzwa kidogo kidogo, inahusu grausi mkubwa (Tetrao urogallus) wa Uskoti na Skandinavia. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayepaswa kuchagua mojawapo, au kutoa maoni juu ya mpango uliokwisha kuchagua, awe mwenye shamba la miti, mwanafunzi wa usimamizi wa wanyamapori au mjumbe wa kamati ya msitu.

Chakula cha kifaranga na chakula cha theluji

Ukitaka kujua msitu wa aina gani unamfaa grausi, uliza mambo mawili kabla ya mengine yote: kifaranga anakula nini katika majuma yake ya kwanza, na ndege mzima anakula nini wakati ardhi imefunikwa na theluji. Mengine yote, yakiwamo maficho, hufungamana na hayo mawili.

Grausi wa kola ni ndege mdogo, mwenye uzito wa takriban nusu kilo hadi robo tatu. Katika majira ya kuchipua, dume husimama juu ya gogo lililoanguka na kupigapiga mbawa zake hewani kwa kasi inayoongezeka, akatoa mvumo mzito unaosikika kama ngoma ya kijiji cha pili. Jike hutaga mayai tisa hadi kumi na manne chini ya mti au kando ya kisiki, na vifaranga huishi kwa wadudu mpaka wapate nguvu ya kula majani na matunda. Wakati wa baridi, katika eneo la Maziwa Makuu, chakula kikuu huwa ni matumba ya maua ya aspeni dume waliokwisha kukomaa. Kwa hiyo ndege huyu anadai vitu viwili vinavyoonekana kupingana: kichaka cha miti michanga iliyosongamana, ambamo kozi, ndege mwindaji, hawezi kupenya, na miti mizima ya aspeni iliyo karibu kiasi kwamba anaweza kuifikia, kula haraka na kurudi mafichoni. Theluji nayo ni sehemu ya makazi yake, kwa kuwa inapokuwa laini na yenye kina cha sentimita 25 hivi au zaidi huzama ndani yake na kulala humo, akiwa amejikinga na baridi na pia na macho ya adui.

Grausi mkubwa anafanana na huyu kwa ukoo tu. Dume hufikia kilo nne au zaidi, na jike hukaribia nusu ya uzito huo. Wakati wa theluji hula sindano za msonobari, chakula duni lakini kisichokwisha. Vifaranga wake hutegemea viwavi wanaoishi juu ya bilberi, kichaka kifupi chenye matunda ya rangi ya zambarau kinachotanda kwenye sakafu ya misitu ya misonobari, na wataalamu wa Uskoti hupendekeza kichaka hicho kifunike walau asilimia 15 hadi 20 ya ardhi pale jike anapolelea. Bilberi hupenda nusu kivuli, hivyo katika shamba la misonobari lililosongamana hufa kwa giza, na palipokatwa miti yote huzidiwa na nyasi na mimea ipendayo jua. Mwili wa ndege huyu pia unataka nafasi kati ya shina na shina, kwa kuwa ndege wa kilo nne hawezi kuruka ndani ya kichaka ambacho grausi wa kola angekiona kuwa ni nyumba salama.

Njia ya kwanza: kukata vipande vidogo kwa zamu

Mtu aliyeipa njia hii sura yake ni Gordon Gullion wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ambaye tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 aliwachunguza grausi wa kola katika msitu wa chuo ulioko Cloquet. Pendekezo lake linalojulikana zaidi ni rahisi kulieleza. Chukua eneo la hekta 4 hivi, ligawe katika vipande vinne vya hekta moja moja, kisha kata kipande kimoja kila baada ya miaka 10, ili mzunguko mzima ukamilike kwa miaka 40. Baada ya mzunguko wa kwanza, eneo hilo dogo huwa na aspeni wa rika zote wakati wote, yaani miche minene kwa ajili ya vifaranga, miti michanga yenye kivuli kinachomficha dume anapopiga mbawa, na miti mizima inayotoa matumba ya majira ya baridi. Ndege hahitaji kusafiri, na safari ndizo zinazomuua.

Njia hii inafanikiwa kwa sababu ya tabia ya mti wenyewe. Aspeni akikatwa hafi, kwa maana mizizi yake hutoa machipukizi, na katika ardhi nzuri machipukizi hayo hufikia makumi ya maelfu kwa hekta katika mwaka wa kwanza pekee. Msongamano huo hujipunguza wenyewe kadiri miaka inavyopita, na ni msongamano huo huo unaomzuia kozi. Masharti yake ni mawili, na yanapovunjwa matokeo huwa mabaya sana. Sharti la kwanza ni jua, kwa kuwa machipukizi ya aspeni hayavumilii kivuli na mizizi huchipua vizuri pale udongo unapopata joto. La pili ni wakati, kwani ukataji wa majira ya baridi, mizizi ikiwa bado imejaa akiba, huleta machipukizi mengi na yenye nguvu kuliko ule wa katikati ya kiangazi.

Hapa ndipo wamiliki wengi wa misitu midogo hukosea, na inafaa kulikawilia jambo hili. Mwenye msitu akiona eneo lililokatwa miti yote huona uharibifu, na mara nyingi huomba wakataji wachague mti mmoja hapa na mwingine pale ili sura ya msitu isiharibike. Kwa macho ya binadamu huo ni upole. Kwa grausi wa kola ni njia mbaya kuliko zote zilizopo, kwa sababu miti iliyobaki huendelea kuweka kivuli, aspeni hachipui vya kutosha, na nafasi zilizoachwa huchukuliwa na miti ya kivuli kama vile mimepo (maple), ambayo haimpi ndege maficho wala chakula cha baridi. Msitu unabaki unapendeza, nao unazidi kuwa mtupu. Kama mtu hawezi kuvumilia kuona hekta moja imekatwa yote, ni afadhali asiguse chochote kuliko kuchagua njia hiyo ya katikati na kuiita uhifadhi.

Faida nyingine ya njia hii ni kwamba inaweza kujilipia. Aspeni hununuliwa na viwanda vya karatasi na vya mbao za kubandika, na palipo na mnunuzi karibu, mauzo hulipia kazi. Kipande cha hekta moja hata hivyo ni kidogo kwa mkataji mwenye mashine kubwa, hivyo wamiliki jirani hushauriwa kuunganisha kazi zao katika zabuni moja. Palipo na ayala wengi, machipukizi huliwa kabla hayajafika kimo cha mtu, na hapo hesabu yote hubadilika.

Kasoro yake kubwa ni kwamba haisafiri vizuri. Katika milima ya Appalachia, kusini zaidi, aspeni ni wachache au hawapo kabisa, na grausi wa kola huko huishi kwa mialoni, majani ya mimea ya chini na chochote kinachopatikana. Utafiti mkubwa wa pamoja uliofanyika huko kati ya mwaka 1996 na 2002 ulionyesha kwamba mazao ya mialoni yanapokuwa haba ndege huhangaika katika eneo kubwa zaidi, na kwamba uzazi wao uko chini kuliko ule wa kaskazini. Kukata bado kunasaidia, kwa kuwa mashamba yaliyoachwa na kurudi kuwa msitu tangu mwanzoni mwa karne ya 20 sasa yamezeeka na vichaka vimetoweka, lakini vipande hukatwa kando ya mabonde yenye unyevu na mialoni inayozaa huachwa. Anayechukua kipimo cha Cloquet na kukipachika Virginia Magharibi bila kukibadilisha hatapata matokeo ya Cloquet.

Njia ya pili: kuuacha ukomae na kuupunguza kwa uangalifu

Historia ya grausi mkubwa huko Uskoti inaonyesha jinsi ndege huyu anavyofungamana na msitu wa misonobari. Alitoweka kabisa nchini humo mwishoni mwa karne ya 18, baada ya misitu kukatwa na ndege kuwindwa bila kiasi. Mwaka 1837 na 1838 ndege walioletwa kutoka Uswidi waliachiwa katika milki ya Taymouth, Perthshire, wakiwa wametumwa na Thomas Fowell Buxton, yule yule mbunge aliyejulikana kwa kupigania kukomeshwa kwa utumwa katika makoloni ya Uingereza. Ndege hao walistawi na kuenea kadiri misonobari iliyopandwa ilivyokua. Katika miaka ya 1970 walikadiriwa kufikia 20,000 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa 2,200 hivi, na hesabu ya majira ya baridi ya 2021 na 2022 ilikadiria ndege 542, wengi wao wakiwa katika eneo la Cairngorms.

Msitu unaotafutwa hapa ni wa misonobari mikubwa iliyoachana, wenye mwanga wa kutosha kwa bilberi na matawi ya chini ambayo jike anaweza kujificha nyuma yake. Msitu wa kale unatoa hayo wenyewe. Shamba lililopandwa kwa mistari linaweza kufikishwa hapo, lakini kwa kupunguza miti kwa awamu, kuacha matundu ya mwanga yasiyolingana, na kusubiri. Utafiti wa muda mrefu wa Per Wegge na wenzake huko Varaldskogen, Norwei, ulileta habari njema kwa wenye mashamba, kwa kuwa ulionyesha kwamba ndege hawa wanaweza kutumia hata misitu ya umri wa kati, mradi sakafu yake iwe na bilberi. Umri wa mti kwa hiyo ni kiashiria tu, na anayekagua msitu angefanya vyema kuangalia chini kabla ya kuangalia juu.

Tofauti inayoamua zaidi ni ukubwa wa ardhi. Madume wa grausi mkubwa hukusanyika alfajiri za Aprili katika uwanja mmoja wa kushindania majike, na viwanja hivyo kwa kawaida hupishana kwa umbali wa kilomita mbili hivi. Duara la kilomita moja kuzunguka uwanja mmoja ni takriban hekta 300. Kwa grausi wa kola, hekta 4 zilizopangwa vizuri zinaweza kumtosha dume mmoja na jike wake. Mwenye hekta 20 za misonobari kwa hiyo hawezi kumtunza grausi mkubwa peke yake hata akifanya kila kitu sawasawa, na mpango wake una maana pale tu unapounganishwa na wa majirani.

Tena kuna uzio wa waya. Huko Uskoti nyaya ndefu ziliwekwa kuzuia ayala wasile miche ya misonobari, na grausi wakubwa, warukao kwa kasi na chini chini, walikufa wengi kwa kuzigonga. Kuziondoa au kuzitia alama zinazoonekana kulipunguza vifo hivyo, lakini ukiondoa uzio lazima upunguze ayala kwa bunduki, la sivyo msitu haujirudishi na bilberi huliwa. Katika njia ya kwanza ayala ni kero. Katika njia hii ni nusu ya kazi.

Kuisimamia idadi yenyewe

Wengi hupenda kuanzia hapa, kwa kuwa kufunga uwindaji au kuua mbweha ni jambo linaloonekana, lakini uzito wa hatua hizo hautoshani kwa ndege hawa wawili.

Kwa grausi wa kola, uwindaji uliodhibitiwa hauna athari kubwa. Minnesota imeendelea kuruhusu ndege watano kwa siku kwa kila mwindaji, na idadi imeendelea kupanda na kushuka katika mzunguko wa miaka 10 hivi ambao ni wa kawaida katika maeneo ya kaskazini. Ule utafiti wa Appalachia ulifunga uwindaji katika baadhi ya maeneo yake na kuyalinganisha na yaliyoachwa wazi, na kufunga hakukuongeza uhai wa ndege, kwa kuwa wale ambao wangepigwa risasi waliuawa na kozi au bundi. Kilichowatikisa zaidi ndege wa mashariki ni virusi vya Nile Magharibi, ambavyo vilitambuliwa kwa mara ya kwanza Uganda mwaka 1937, vikafika New York mwaka 1999 na kuenezwa na mbu. Hata hapo makazi yana nafasi yake, kwa kuwa mpango unaweza kuelekeza ukataji kwenye miinuko yenye baridi, mbali na madimbwi ya mbu.

Grausi mkubwa hana akiba hiyo ya uzazi. Wawindaji wa Uskoti waliacha kumpiga kwa hiari kabla ya sheria kumlinda kikamilifu mwaka 2001, na hakuna anayefikiri kuwa ingefaa kurudi nyuma. Ufini, ambako wako wengi, bado huruhusu uwindaji, lakini kwa kuongozwa na hesabu: tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wawindaji wenyewe hutembea kila Agosti kwenye njia za pembetatu zenye kilomita nne kila upande, wakiandika ndege wanaowaona, na msimu hupangwa kwa matokeo hayo.

Kuhusu wanyama wanaowala, ushahidi wa Ulaya ni mzito. Katika visiwa viwili vya Uswidi kwenye Bahari ya Baltiki, mbweha na mateni, mnyama mwembamba apandaye miti, waliuawa katika kisiwa kimoja huku wakiachwa katika kingine, kisha zamu ikabadilishwa, na kila mara grausi walilea vifaranga zaidi pale walipopunguzwa maadui. Ugonjwa wa upele ulipowapunguza mbweha wa Skandinavia katika miaka ya 1970 na 1980, grausi waliongezeka bila mtu kufyatua risasi. Ugumu wa Uskoti ni kwamba mateni naye analindwa na sheria, na hifadhi moja haiwezi kuendeshwa kwa kumwangamiza mnyama mwingine adimu. Majaribio ya karibuni katika Cairngorms yamechukua njia ya kuwalisha mateni mizoga ya ayala wakati grausi wanaatamia, na viota vilivyoliwa vimepungua. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua ya dharura yenye busara kuliko zote zinazopatikana huko kwa sasa, mradi isichukuliwe kuwa mbadala wa msitu.

Kuleta ndege wapya kunafaa kuwa chaguo la mwisho. Taymouth ilifaulu kwa sababu ndege wa porini waliachiwa katika msitu uliokuwa ukipanuka. Katika milima ya Harz, Ujerumani, takriban ndege 1,000 waliofugwa waliachiwa kwa miaka mingi hadi mradi ulipofungwa mwaka 2003 bila jamii inayojitegemea kupatikana, kwa kuwa wengi wao waliliwa muda mfupi baada ya kuachiwa.

Mahali pa kila njia

Kama ardhi ina aspeni hai, ina mnunuzi wa magogo anayefikika, na ukubwa wake ni wa hekta 4 hadi mia moja, chagua kukata kwa zamu, kata vipande vizima wakati wa baridi, na acha kundi la aspeni dume waliokomaa karibu na kila kipande. Kama aspeni wamekwisha zeeka na kuzidiwa na miti ya kivuli, uharaka ni mkubwa zaidi, kwa kuwa mizizi ikishakufa hakuna kitakachochipua hata ukikata kwa usahihi wote.

Kama ardhi ni ya misonobari na grausi mkubwa bado yupo umbali ambao jike anaweza kuruka, usikate kwa mkupuo. Punguza miti pale palipo na giza, ondoa uzio, dhibiti ayala, na zuia mbwa na waendesha baiskeli wasipite karibu na viwanja vya madume na sehemu za kulelea kuanzia Aprili hadi Agosti. Ikiwa ndege wa mwisho ameondoka zamani na msitu wa karibu wenye ndege uko mbali, fedha hizo zingefanya kazi kubwa zaidi kwenye msitu wa jirani ambako bado wapo.

Kwa njia yoyote ile, hesabu ya kwanza ifanyike kabla msumeno haujawashwa. Minnesota huwahesabu grausi wa kola kwa kusimama mara 10 kando ya barabara, dakika nne kila kituo, wakati wa mapambazuko ya majira ya kuchipua, na mwenye msitu anaweza kuiga utaratibu huo bila chombo chochote isipokuwa saa na daftari. Kwa sababu idadi ya kaskazini hupanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka 10, matokeo ya miaka miwili au mitatu ya kwanza hayathibitishi kitu: aliyekata wakati idadi iko chini atajiona mshindi, na aliyekata ikiwa kileleni atajilaumu bure. Kipimo cha haki ni kulinganisha kipande kilichokatwa na kingine cha jirani ambacho hakijakatwa, katika miaka ile ile, mpaka mzunguko mmoja upite.